Sufuria Mbili za Chai

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi)



Kamati ilituomba sisi wa genge la njia tuje tuseme habari ya watu wa kazi moja kuwa kitu kimoja. Twakiri kwamba mwanzo tulikataa. Maneno ya umoja yamesemwa katika ukumbi huu hata kuta zake zayajua kwa moyo, na mtu akitoka zamu ya usiku kisha akaambiwa tena kwamba umoja ni nguvu, atasinzia, wala hatuwezi kumlaumu. Ndipo Katibu akasema, "Basi msiseme umoja. Semeni yaliyowapata." Hayo twaweza. Tena mengi yake ni aibu yetu wenyewe, kwa hiyo tusikilizeni kwa huruma.

Genge letu lilikuwa la watu 14 pamoja na nyapara. Kazi yetu mwaijua. Twashindilia kokoto chini ya mataruma, twabadili mataruma yaliyochoka, twakaza, twafyeka majani, twapima nafasi ya reli na reli ikae katika kipimo chake cha mita moja. Saa nne twapumzika kunywa chai. Wakati ule palikuwa na sufuria mbili. Hakuna aliyetoa amri ziwe mbili. Wazee wengine husema ilianza kwa ajili ya maziwa, wengine husema ni deni la sukari ambalo halikulipwa. Sisi tulipoajiriwa tulikuta mawe ya mioto miwili, mmoja upande huu wa njia na wa pili upande ule, na kila mtu akaenda pale alipoisikia lugha ya mama yake. Jumatatu baada ya Gor Mahia na AFC Leopards kukutana uwanjani, mioto ile ilizidi kuwa mbali.

Wala hatukuwa maadui. Hilo tafadhalini lishikeni. Tulisalimiana asubuhi, tulifanya kazi, na mshahara ulipochelewa tulinung'unika pamoja kwa sauti moja nzuri sana. Mpita njia angesema, "Hawa ni watu wanaopatana."

Kisha akaja kijana mmoja, kwao Taita. Lugha yake haikuwa ya moto huu wala ya moto ule. Kwa siku tisa alikaa juu ya rundo la mataruma akila mandazi yake na maji. Baadaye tulijitetea kwamba kila sufuria ilidhani ile nyingine imemwalika. Kwa kweli hatukudhani neno lo lote. Sababu hiyo tuliitafuta baada ya mambo kuharibika.

Siku ya kumi tulikuwa tukifanya kazi mahali penye kona. Mlinzi wetu, yule anayesimama mbali na bendera na filimbi, akapuliza. Desturi ya genge letu ilikuwa hii: filimbi mbili fupi, watu wote hutoka upande wa kushoto ukielekea Mombasa, na kila mtu hutoka na chombo chake. Watu wazima wa genge waliijua kama wajuavyo mlango wa nyumba zao. Lakini desturi haina mdomo, na hapana mtu aliyemwambia yule kijana. Alisimama akitazama wenzake. Mlinzi alipomwona bado yuko njiani akampigia kelele, tena kwa lugha ya kwao mlinzi, maana hofu humrudisha mtu kwa mama yake. Nusu ya genge ilielewa. Kijana hakuelewa. Akaruka upande wa kulia, na mtaimbo wake akauacha umelala juu ya reli. Injini ikaupiga, ukaruka kama unyoya, ukamvunja mguu chini ya goti.

Laiti ungaliruka nusu mita juu zaidi, leo tungalikuja mbele yenu kwa habari nyingine.

Tulimchukua hospitali. Karani pale dirishani akafungua daftari lake akauliza, "Jina la mgonjwa?" Tukatazamana. Tulikuwa watu watano tuliomleta, na jina tulilokuwa nalo ni "kijana mpya". Karani akauliza anakaa mtaa gani, nani ndugu yake, nani apigiwe simu. Hatukujua hata moja. Akatutazama kama watu waliomwokota barabarani, akasema, "Kwani ninyi si wa kazi moja naye?" Ndugu zangu, matusi tumetukanwa mengi katika kazi hii, na mabwana wakubwa na wadogo, lakini swali la karani yule ndilo lililotuuma kupita yote. Jioni tulipopata habari zake katika karatasi za kazi, tuliona amepanga chumba Mbotela, mlango wa nne kutoka kwa mmoja wetu.

Usiku ule mzee wa genge, ambaye sasa amestaafu, alisema neno ambalo bado twalirudia. Alisema, "Sisi si genge. Sisi ni abiria wa behewa moja. Tumekaa karibu, lakini kila mtu ana stesheni yake ya kushuka."

Nyapara akafanya kama wanavyofanya wakubwa wengi. Kesho yake alitukusanya, akasema kwa ukali kwamba tangu leo ni sufuria moja. Tukaitika. Siku ya kwanza tulikunywa chai ya pamoja kama watu walio matangani. Siku ya tatu mmoja akasema chai ina tangawizi nyingi, mwingine akasema imechemka sana, na kufikia Ijumaa mioto ilikuwa miwili tena. Amri ile haikuwa mbaya, ila haikuwa na kitu ndani yake. Huwezi kumwamuru mtu aone kwamba yu nyumbani.

Kitu kilichotubadili hakikuhusu chai hata kidogo. Ilikuwa lazima mtu aende hospitali kumtazama kijana, kumpelekea chakula na kufua nguo zake, maana hapa Nairobi hakuwa na ndugu. Mzee akaandika orodha ya zamu, watu wawili wawili, na kwa makusudi kabisa akamchukua mmoja wa moto huu na mmoja wa moto ule. Tukanung'unika. Lakini mtu akisimama na mwenzake katika foleni ya hospitali saa nzima, kisha wakapanda matatu moja kurudi Eastlands katika msongamano wa jioni, watasema nini saa zote hizo? Watasema habari za watoto. Mmoja akagundua mwenzake ana mtoto aliyerudishwa shule kwa karo, kama wake. Mwingine akagundua yule aliyemwita mchoyo wa sukari miaka minne alikuwa akilipa dawa za mama yake mgonjwa. Kaka yake kijana alipokuja kutoka Taita, alilala kwa mmoja wetu Makongeni, akala kwa mwingine Bahati. Baada ya majuma matano au sita, siku moja saa nne, tulikuwa tumekwisha kunywa chai ndipo mmoja akauliza, "Mbona leo ule moto mwingine haukuwashwa?" Hapana aliyejua ni tangu lini.

Tumelifikiri sana jambo hili, na haya ndiyo mawazo yetu. Twasikia watu wakiulaumu ukabila, na kweli wafaa kulaumiwa. Lakini ulizeni kwa nini mtu wa mitaa hii hushikamana na watu wa kwao. Si kwa sababu ya ujinga. Zamani palikuwa na Luo Union, na Abaluhya Association, na vingine vingi. Mtu akifa Kaloleni au Shauri Moyo, chama cha watu wa kwao kilikusanya fedha, kikatafuta sanduku na gari, kikampeleka akazikwe kwa baba zake. Serikali ilivivunja vyama vya makabila mwaka 1980, lakini kazi ya mazishi haikukoma, ikahamia katika vikundi vidogo vya kijiji na ukoo. Mtu huwa wa wale watakaokuja mlangoni pake siku ya shida. Basi kama genge halitakuja, na Chama hakitakuja, tusimwambie mtu aache wanaokuja.

Kwa hiyo tulianza mfuko, shilingi 50 kila mtu kila wiki. Mfuko wa kwanza ulikufa, tuseme ukweli. Mweka fedha alikuwa mwaminifu ila hakuandika, na fedha zisizoandikwa huleta maneno. Wa pili una daftari, linakaa ndani ya sanduku la vyombo, na mtu ye yote aweza kulifungua saa yo yote bila kuomba ruhusa. Haujatajirisha mtu. Lakini umepeleka watu wawili wa genge matangani Kakamega, na mmoja Machakos, na waliokwenda hawakuwa wa kabila la mfiwa. Wazee wa kijiji waliuliza, "Hawa ni nani?" Wakajibiwa, "Ni watu wa kazi yake." Sisi twaona jibu lile ni bora kuliko hotuba yetu hii.

Jambo la pili ni lugha. Tuliafikiana kwamba ukiwa njiani na chombo mkononi, ni Kiswahili tu, hata kwa mzaha. Wengine walilalamika kwamba twawanyima lugha za mama zao. Hapana. Nyumbani sema utakavyo, na katika matatu sema utakavyo. Lakini mahali ambapo neno moja laweza kuokoa mguu, neno hilo liwe la watu wote.

Na hapa tunapokaa, katika Kaloleni, watu wa mbele yetu walilijua hilo. Tarehe 23 Aprili 1950 palikuwa na mkutano mkubwa katika ukumbi huu, wa Waafrika na Wahindi pamoja. Makhan Singh alisimama akadai nchi hizi zipewe uhuru kamili, wakati ambapo kulitaja neno hilo kulikuwa hatari. Yeye alikuwa Kalasinga, mpiga chapa, na baba yake alikuja nchi hii kuwa fundi wa reli. Mwenzake alikuwa Fred Kubai, mtu wa wafanya kazi wa magari. Mmoja alikuwa Katibu Mkuu na mwingine Rais wa shirikisho lile la vyama lililoundwa tarehe 1 Mei 1949. Walipokamatwa tarehe 15 Mei 1950, kesho yake Nairobi iligoma, na mgomo ukaendelea zaidi ya wiki moja. Watu walidai viongozi wafunguliwe, walidai na mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alikaa kizuizini hata mwaka 1961. Kwa nini mkokoteni wa Pumwani amgomee kazi Kalasinga? Hawakuwa na dini moja, wala chakula kimoja, wala lugha moja ya nyumbani. Walikuwa na shilingi 100 ile. Ilikuwa kitu ambacho kila mtu aliweza kukihesabu mkononi mwake, na akajua kwamba peke yake hakipati. Mara nyingi sisi huitana kwa maneno makubwa, kumbe watu wangekuja upesi zaidi kwa kitu kimoja kinachohesabika.

Sisi wa njia tunacho kipimo chetu cha kuhesabika. Reli ya ratili 80 kwa yadi, yenye urefu wa futi 40, ina uzito wa karibu kilo 480. Watu 12 wakiibeba kwa koleo, kila mmoja ana kilo 40. Wawili wakiachia bila kusema neno, kumi waliobaki wana kilo 48 kila mmoja kwa ghafula, na hapo ndipo migongo huvunjika. Neno "harambee", kabla halijawa neno la taifa mwaka 1963, lilikuwa sauti ya watu wanaovuta na kuinua kitu kizito. Si kwamba sauti huongeza nguvu. Kazi yake ni kumwambia kila mtu ni saa gani mwenzake atainua. Katika genge letu mtu aruhusiwa kusema, "Leo siwezi, mgongo waniuma." Zamani angechekwa. Sasa twaona anayesema ndiye anayetutunza, na yule anayenyamaza kisha akaachia ndiye wa kuogopwa.

Jambo la tatu twalipata kwa wazee wa mvuke. Nendeni katika jumba la makumbusho la reli, karibu na stesheni ya Nairobi, mtaiona injini namba 5918, jina lake Mount Gelai. Ni moja ya zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, nazo zilikuwa kubwa kupita injini zote za mvuke duniani katika reli ya mita moja. Wakati wa East African Railways injini hizi zilikabidhiwa watu wake maalum, vikundi viwili vinavyopokezana. Dereva mmoja wa Mount Gelai, Kalasinga, alisifika kwa namna alivyoitunza ndani, shaba zinang'aa kama vyombo vya hekaluni. Wala injini haikuwa mali yake. Siku ya mwezi alipokea mshahara kama wengine. Lakini alijua kwamba ikiharibika, itasemwa imeharibika mikononi mwa nani, na ikienda vizuri, vilevile.

Basi tulimwomba nyapara agawe urefu wetu wa njia vipande vipande, na kila watu wawili wawe na kipande chao cha kukitazama na kukisemea. Kazi nzito twaifanya pamoja kama kwanza. Lakini kokoto zikioshwa na mvua katika kipande cha fulani, fulani ndiye wa kwanza kujua na kuomba msaada. Yule kijana wa Taita alirudi kazini baada ya miezi mitano, anachechemea kidogo, naye akaomba kipande chenye ile kona. Hatukumwuliza sababu.

Wengine husema mambo ya chai na daftari ni madogo, na adui zetu ni wakubwa. Kweli ni wakubwa. Lakini kumbukeni Januari 2008, baada ya uchaguzi, reli ya kwenda Uganda iling'olewa kule Kibera. Watu waliong'oa walikuwa na uchungu wao, wala hatukusimama hapa kuwahukumu. Sisi wengine tulikuwa bado vijana, hatujaajiriwa. Waliotutangulia wametusimulia jinsi majirani wa miaka 20 katika mitaa ya Nairobi walivyoacha kusalimiana kwa majuma machache tu. Mzee wetu alikuwa kazini siku zile. Alisema mahali palipokuwa na sufuria moja, watu walitumiana salamu, "Usije leo, njia si salama, nitakusemea kwa nyapara." Penye sufuria mbili, kila mtu alijitafutia njia yake.

Sasa tuna neno kwa viongozi wetu wa Chama, nao wametuahidi hawatakasirika. Mwanachama hukutana na Chama mara mbili: siku anapokatwa ada, na siku anapoitwa mkutano wa ugomvi. Katikati hapana kitu. Mtu mpya huandikishwa kwa karatasi, hutia sahihi, basi. Twaomba kila tawi liwe na mtu wa kumpokea mgeni, ajue jina lake, anakaa wapi, nani aambiwe akiumia, na amweleze desturi zote za filimbi na bendera kabla hajagusa chombo. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji mtu wa kuulizwa ikiwa haikufanywa.

Na kwa wanyapara: msiwahamishe watu kila mwezi kama magunia. Mtu aliye hapa leo na kesho kule hana haja ya kujua jina la mwenzake.

Jambo moja bado halijatupatanisha, nasi hatutaki kulificha. Siku hizi twafanya kazi bega kwa bega na vibarua walioletwa na makontrakta. Hawana kadi ya Chama, na kazi yao ni ya majuma machache. Nusu ya genge yasema tusiwatie katika mfuko, maana wataondoka na fedha zetu. Nusu yasema mtaimbo hauulizi kadi. Tumebishana juma zima, hata sauti zikapanda, na ubishi haujaisha. Tulichokubaliana mpaka sasa ni kwamba mfuko usubiri mkutano wa genge, ila filimbi na chai visisubiri.

Vibarua sita wanafika Jumatatu, saa moja asubuhi, Makadara. Zamu ya kuwapokea ni ya watu wa kile kipande chenye kona. Sufuria yetu ni ya watu 14, haitatosha, kwa hiyo tumeazima kubwa kwa mama mmoja wa Shauri Moyo anayepika chakula sokoni, naye ataka irudi siku hiyo hiyo kabla ya saa sita, tena iwe imesuguliwa.